Mtumbwi, Mwezi na Ndala Mbili: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Mwanzo wa Filamu ya Fumbo

Usiku wa kwanza tulipoonyesha filamu yetu fupi hapa Mwanga, Kigoma, sikuitazama filamu. Nilikaa pembeni ya ukuta uliotundikwa shuka jeupe, nikawatazama watu. Picha ikafika sekunde ya kumi na tano hivi: ziwa limejaa mbalamwezi, taa moja tu inaelea mbali. Mama mmoja muuza mawese akamgeukia jirani yake. "Mwezi wote huo, na taa?" Safu ya mbele ikatulia kimya. Nyuma yao walikaa vijana wawili waliokuja mjini kutoka Dodoma. Wao waliendelea kumenya karanga mpaka mtumbwi ulipogusa mchanga bila mtu ndani.

Mama yule anajua, kama anavyojua kila aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika, kwamba dagaa hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa humezwa na mwanga wa mbingu, na wavuvi hupumzika nyumbani wakishona nyavu. Kwake taa ile ilikuwa kitu kisichokaa mahali pake, na papo hapo akawa na swali. Kwa vijana wa Dodoma lilikuwa ziwa zuri la usiku, basi.

Toka siku hiyo nimebadili namna ninavyochambua mwanzo wa filamu za fumbo. Swali huzaliwa pale kilichoonyeshwa kinapogongana na kile ambacho mtazamaji alikuja nacho kutoka nyumbani kwake. Uchambuzi unaotaja engo za kamera, mwanga na muziki bila kumtaja mtu aliyekaa kwenye benchi umefika nusu ya njia. Hatua zifuatazo ndizo ninazopitia na vijana ninaofanya nao kazi, na unaweza kuzifuata kwa filamu yoyote ya upelelezi au ya siri, iwe ya hapa nyumbani au ya nje.

Kabla hujaanza

Chagua filamu ambayo hujaiona mpaka mwisho. Ukishamjua muuaji huwezi tena kutomjua, na sehemu kubwa ya kazi hii inategemea kutojua kwako. Tafuta daftari, kalamu za rangi mbili, spika za masikioni, na simu au kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video. Chaji kila kitu mapema, maana umeme ukikatika katikati ya kazi utapoteza hesabu na hamu pia.

Kisha amua mwanzo unaishia wapi. Mimi huweka mpaka pale ambapo swali kuu limeshasimama na mtu fulani ndani ya filamu ameanza kuhangaika nalo, au pale jina la filamu linapotokea baada ya tukio la kwanza. Katika filamu ndefu mara nyingi ni kati ya dakika ya tatu na ya kumi. Andika dakika na sekunde ya mpaka huo juu ya ukurasa, na usiubadilishe katikati ya kazi ili ukufae wewe.

Jambo jingine ni toleo. Wengi wetu tulizijua filamu za nje ndani ya vibanda vya video, zikiwa na sauti ya msimuliaji wa Kiswahili juu yake. Nawaheshimu sana wasimuliaji wale. Bila wao nisingependa filamu kamwe. Lakini msimuliaji akisema "huyu mwangalie vizuri, ndiye mwenyewe" kabla adui hajafanya chochote, ametengeneza mwanzo mwingine kabisa. Mtazamaji hapo amepewa jina la mtu wa kumshuku, ambalo muongozaji alilificha kwa saa nzima. Matoleo yote mawili yanachambulika vizuri. Usiyachanganye tu katika uchambuzi mmoja.

Hatua ya kwanza: watazame watu

Ita watu sita mpaka kumi. Wachanganye: mvuvi, mwanafunzi, fundi cherehani, mgeni wa mji. Wewe kaa pembeni ya skrini, uso wako ukiwaelekea wao, saa ya simu ikihesabu tangu sekunde ya kwanza. Usisimamishe filamu, usieleze chochote, na usicheke kabla yao.

Unachoandika ni mwili na muda. Nani ameinua kichwa kutoka kwenye simu, sekunde ya ngapi? Mkono gani umesimama kati ya karanga na mdomo? Nani amemnong'oneza jirani? Kumnong'oneza jirani ni ishara kubwa kuliko zote kwa filamu ya fumbo, kwa sababu mtu humuuliza mwenzake pale swali linapomzidi kimo. Kelele za kushtuka nazo ziandike, ila usizipe uzito uleule: paka akiruka dirishani watu watapiga kelele, na baada ya sekunde mbili wamesahau.

Mpaka wako ukifika, zima. Uliza maswali mawili tu, kila mtu kwa zamu yake: "Sasa hivi unajiuliza nini?" na "Kitu gani kimekufanya ujiulize hivyo?" Usiulize kama wameipenda. Sisi ni watu wa adabu. Utaambiwa "nzuri, hongereni," na hutakuwa na la kuandika.

Kwenye filamu yetu watu kumi na wanne walinipa maswali tisa tofauti. Moja hatukulitega wenyewe. Mzee mmoja mvuvi wa Katonga aliuliza upepo gani uliousukuma mtumbwi ule mpaka mwaloni bila mtu wa kupiga kasia. Kwetu ilikuwa njia ya kuufikisha mtumbwi mbele ya kamera. Kwake ilikuwa ushahidi kwamba kuna mtu aliuleta akashuka. Maswali ya namna hii yawekee alama ya nyota, kwa sababu muongozaji akiwa mzembe yanakuwa matundu, na akiwa makini anayatumia.

Hatua ya pili: vunja mwanzo shoti kwa shoti

Sasa kaa peke yako. Shoti ni kipande kimoja cha picha kisichokatwa. Kila picha inapokatwa, simamisha na uandike mstari mpya: namba, muda wa kuanza na kuisha, kinachoonekana, kinachosikika. Kwenye VLC ya kompyuta, kitufe cha E husogeza picha fremu moja, yaani picha moja tuli, kila ukikibonyeza. Filamu nyingi za sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde moja, kwa hiyo ukibonyeza mara 24 umesogea sekunde. Kitufe hiki kitakuonyesha mahali hasa mkato ulipo, na mara nyingine kitakuonyesha kitu kilichopita haraka kiasi kwamba jicho lilikihisi bila kukiona.

Daftari langu la filamu yetu linasomeka hivi. Shoti ya 1, sekunde 0 mpaka 8: skrini nyeusi, maji yanapiga ubao. Ya 2, mpaka 0:31: ziwa, mwezi mpevu, taa moja mbali. Ya 3, mpaka 0:42: mwanamke amesimama ufukweni, tunaona mgongo na kanga yake. Ya 4, mpaka 0:53: taa ileile, haisogei. Ya 5, mpaka 1:05: uso wa mwanamke, midomo inatembea kama ya mtu anayehesabu. Ya 6, mpaka 1:13: giza tena. Ya 7, mpaka 1:35: alfajiri, mtumbwi unagusa mchanga, karabai bado inawaka ingawa kumekucha. Ya 8, mpaka 1:44: wavu ndani ya mtumbwi, mkavu. Ya 9, mpaka 1:47: ndala mbili, moja ya bluu na moja nyekundu, zote za mguu wa kushoto. Ya 10, mpaka 2:13: mwanamke anakuja, anatazama huku na huku, anachukua ile nyekundu na kuificha ndani ya kanga. Ya 11, mpaka 2:26: mtumbwi peke yake, ndala ya bluu imebaki, jina la filamu linatokea.

Shoti 11 kwa sekunde 146, wastani wa sekunde 13 na kidogo kwa kila moja. Wastani peke yake hausemi mengi. Tafuta shoti inayoukimbia wastani huo. Kwetu shoti ya ndala ina sekunde 3 tu, na baada yake mwanamke anapewa sekunde 26. Muongozaji anayekuonyesha jambo zito kwa sekunde tatu anakupima jicho: kati ya watu kumi na wanne, watatu tu waligundua kwamba ndala zote ni za kushoto, maana yake mtumbwini walikuwa watu wawili. Waliobaki waliona "ndala". Lakini angalia walivyofanya wale watatu. Waliwaeleza wenzao. Kidokezo kilichofichwa vizuri humfanya aliyekiona ajione mjanja, na mtu aliyejiona mjanja hatoki ukumbini.

Hatua ya tatu: daftari la maswali

Hapa ndipo uchambuzi unapofanyika hasa, kwa hiyo tenga jioni nzima. Gawa ukurasa mara tatu: nimepewa nini, nimenyimwa nini, najiuliza nini. Pitia shoti moja baada ya nyingine ujaze safu zote tatu.

Mfano, shoti ya 5. Nimepewa: uso wa mwanamke, umri wake, midomo inayotembea, macho yasiyo na hofu. Nimenyimwa: sauti yake. Najiuliza: anahesabu nini, na kwa nini haogopi? Safu ya katikati ndiyo ngumu. Wanaoanza huandika "sijui jina lake", "sijui anaishi wapi". Hayo ni mambo ambayo filamu haijafika. Kunyimwa maana yake kitu kilikuwa karibu kuonekana au kusikika, kisha kikazuiwa: mgongo badala ya uso, mdomo unaosema bila sauti, mlango uliofungwa mbele ya kamera, simu iliyoita ikakatwa. Jiulize, ningekuwa nimesimama pale ufukweni mwenyewe, ningekijua kitu hiki? Kama jibu ni ndiyo, umenyimwa kwa makusudi.

Ukimaliza, unganisha maswali kwa kalamu ya rangi ya pili. Swali lililojibiwa ndani ya mwanzo uleule lipige mstari. Lililozaa swali jingine lichoree mshale. Lililobaki peke yake mpaka mwisho lizungushie duara. Mwanzo mzuri una mistari michache, mishale mingi, na duara moja au mawili. Maswali saba yaliyobaki wazi kwa pamoja humchosha mtazamaji. Anaacha kuyabeba yote. Na mwanzo usiojibu hata swali dogo moja humfanya mtu ashuku kwamba filamu hii haijibu kitu.

Sisi tuna shule ya zamani ya jambo hili. Bibi akisema "Kitendawili!" nawe ukaitika "Tega!", umeshakubali kubeba swali. Akikutegea nyumba isiyo na mlango, unahangaika kwa raha kwa sababu yai unalijua, umelishika asubuhi ileile. Angekutegea kitu ambacho hujawahi kukiona, ungempa mji hapo hapo, jambo likaisha. Kwa hiyo katika safu ya tatu, pembeni ya kila swali, andika ni maarifa gani yanahitajika ili mtu aweze kujiuliza. Taa chini ya mwezi: inahitaji kujua uvuvi wa dagaa. Ndala mbili za kushoto: inahitaji kuwa na miguu miwili tu. Mtumbwi usio na mtu: hauhitaji chochote, kila binadamu anaogopa.

Ukifika hapo utaona jambo ambalo uchambuzi mwingi hauligusi. Mwanzo uliopangwa vizuri huwa na maswali ya ngazi mbalimbali, ili aliyekuja na maarifa mengi aanze kuhangaika mapema na asiye nayo amkute njiani. Na pale maarifa yanapokosekana, muongozaji mwenye akili huyafundisha kabla ya kuyatumia. Baada ya usiku ule wa Mwanga tuliongeza shoti moja kabla ya ziwa: mitumbwi imevutwa mchangani, karabai zimelala, vijana wanashona nyavu kwa mwanga wa mwezi. Sekunde 9, hakuna neno. Mgeni wa Dodoma amefundishwa kwamba mwezi ukiwaka watu hawaendi ziwani. Shoti inayofuata inaivunja kanuni hiyo mbele ya macho yake. Katika filamu unayoichambua, tafuta jozi ya namna hii: kanuni imefundishwa wapi, na imevunjwa wapi? Ukiipata, umepata uti wa mgongo wa uchambuzi wako.

Hatua ya nne: nani anajua zaidi?

Kwa kila tukio, andika kama mtazamaji anajua pungufu ya mhusika, sawa naye, au zaidi yake. Akijua pungufu, anadadisi. Akijua sawa, anatembea naye bega kwa bega. Akijua zaidi, anaingiwa na taharuki, kwa sababu anaona shimo ambalo mwenzake halioni.

Alfred Hitchcock, muongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alizoea kulieleza hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila watazamaji kujua, wanashtuka kwa sekunde chache. Wakijua lipo huku waliokaa mezani wakipiga soga, mazungumzo ya kawaida kabisa yanakuwa hayavumiliki. Muongozaji mwingine, Orson Welles, alifungua filamu yake ya Touch of Evil ya mwaka 1958 kwa bomu kwelikweli: tunamwona mtu akilitega na kuliweka kwenye buti la gari, kisha kamera inalifuata gari hilo kwa zaidi ya dakika tatu bila mkato hata mmoja, katikati ya watu wanaotembea usiku kwenye mpaka wa Mexico na Marekani. Hakuna anayekimbia. Sisi tu ndio tunaohesabu.

Filamu ya fumbo kwa kawaida huegemea upande wa kwanza, wa kujua pungufu, lakini zilizo bora huhama. Kwenye filamu yetu, mwanamke anajua zaidi yetu mpaka shoti ya 10. Anapoificha ndala nyekundu mizani inageuka: sasa tunajua jambo ambalo majirani watakaofika ufukweni hawatalijua. Tumefanywa mashahidi. Weka alama kila mizani inapogeuka, na uilinganishe na daftari la hatua ya kwanza. Mara nyingi utakuta ni sekunde hizohizo watu walipoacha kutafuna.

Hatua ya tano: fumba macho

Vaa spika za masikioni, geuza skrini, sikiliza mwanzo mzima bila picha. Tenga sauti ambazo wahusika nao wanazisikia, kama maji, injini na mbwa, na sauti ambazo ni zetu peke yetu, hasa muziki. Kisha tafuta sauti isiyo na picha: hatua nje ya chumba, kikohozi kutoka kwenye giza. Sauti hizo zinafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo, kwa kuwa kichwa cha msikilizaji ndicho kinachochora kilichobaki.

Uwe mkali kidogo na muziki. Zima sauti uitazame upya picha. Kama wasiwasi wote umepotea pamoja na muziki, basi ni muziki uliokuwa unakuambia uogope, na picha haikuwa na swali lake. Liandike hilo waziwazi hata kama filamu ni ya mtu unayempenda.

Hatua ya sita: vitu vilivyowekwa mbele ya kamera

Hapa nitakupa zoezi, kwa sababu kuna mwanzo mmoja unaofundisha kuliko maelezo yangu. Tafuta filamu ya Hitchcock ya mwaka 1954, Rear Window, utazame dakika zake za kwanza. Kamera inazunguka ua wa nyumba za ghorofa, inarudi ndani kwa mwanamume aliyelala uso umelowa jasho. Kipimajoto kinasoma zaidi ya digrii 90 za Fahrenheit, yaani juu ya 32 za Selsiasi. Baadaye kamera inamrudia: mguu umefungwa POP, ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Inasogea: kamera ya picha iliyovunjika vibaya. Inasogea tena: picha ukutani ya ajali ya gari la mashindano, tairi linaruka kumwelekea mpiga picha.

Hakuna aliyefungua mdomo kutueleza habari za mtu yule. Nilipowaonyesha vijana wangu, binti mmoja wa kidato cha tatu alisema, "Kumbe alikuwa amesimama palepale tairi lilipokuja." Alikuwa ameunganisha vitu vitatu mwenyewe, POP, kamera iliyovunjika na picha, akajua kazi ya mtu huyo, ujasiri wake na sababu ya kukwama dirishani. Akaanza kupeleleza kabla mpelelezi hajaamka.

Ukirudi kwenye filamu yako, orodhesha vitu tu, watu waache kwanza. Kila kitu kiulize kimewekwa na nani ndani ya hadithi, na kwa nini kamera imekisogelea. Kisha angalia taa inatoka wapi na inauacha upande gani wa uso gizani, kamera iko urefu wa macho ya nani, na nini kiko nje kidogo ya ukingo wa picha. Hii ya mwisho usiiruke: mhusika akitazama kitu upande wa kulia na picha isikatwe kutuonyesha, hapo tumenyimwa, na safu ya pili ya daftari lako inapata mstari mpya.

Hatua ya saba: toa shoti moja uone

Ukiwa na programu yoyote ya kuhariri kwenye simu, kata nakala ya mwanzo huo kwa ajili ya zoezi lako la nyumbani, uondoe shoti unayodai ni muhimu. Waonyeshe watu wengine ambao hawajaiona. Sisi tulipeleka Ujiji nakala isiyo na shoti ya 2 na ya 4, yaani bila mwezi na taa. Hakuna aliyemnong'oneza jirani mpaka mtumbwi ulipofika. Hapo ndipo nilipopata haki ya kuandika kwamba shoti zile zinafanya kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nadhani tu.

Usipoweza kukata, funika skrini kwa kitabu shoti hiyo inapopita. Inatosha.

Hatua ya nane: maliza filamu, kisha rudi

Sasa tazama mpaka mwisho, halafu rudia mwanzo ukiwa unajua. Unakagua uaminifu. Kila kilichoonyeshwa bado ni kweli? Muongozaji ana ruhusa ya kukuficha na kukuacha ujidanganye mwenyewe. Hana ruhusa ya kukuonyesha jambo lisilotokea bila hata dokezo kwamba kuna mtu analiota au analisimulia kwa uongo.

Kwetu, mwisho unaonyesha kwamba taa ile haikuwa ya kuvulia. Ilikuwa ishara kwa mtu aliyekuwa akivuka kutoka ng'ambo, na mwanamke alikuwa anahesabu muda. Wavu mkavu ulikuwa umeshasema hivyo tangu dakika ya kwanza na nusu. Ukirudia unaona ulipewa kila kitu, na ndiyo maana watu waliomba irudiwe usiku uleule.

Hatua ya tisa: andika

Kila dai libebe vitu vinne: muda, kilichoonyeshwa au kufichwa, maarifa aliyokuja nayo mtazamaji, na swali lililozaliwa. Sentensi kama "mwanzo unavutia kwa sababu muongozaji ametumia mwanga hafifu na muziki wa kutisha" unaweza kuibandika kwenye filamu mia moja bila kubadili neno. Ifute.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivi: "Kuanzia sekunde ya 8 tunaona mwezi mpevu na taa moja ziwani. Mtazamaji wa Kigoma, anayejua kuwa dagaa hawavuliwi mwezi ukiwaka, anajiuliza mvuvi huyu anakwenda wapi. Mtumbwi unapofika mtupu saa ya alfajiri, wavu ukiwa mkavu, swali hilo linageuka: kama hakuvua, alikwenda kufanya nini, na pamoja na nani?"

Niliiona nzuri. Kabla ya kuitoa nilimpelekea mmoja wa watazamaji, na nakusihi nawe ufanye hivyo kila mara. Nilimfuata yule mama wa mawese sokoni, nikamwamkia, nikamsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipimia mteja.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mtu anaweza kwenda ziwani mwezi ukiwaka, ana safari zake. Mimi nilishangaa taa. Nani anaunguza mafuta chini ya mwezi kama hataki kuonekana?"

Nilirudi nyumbani nikafuta sentensi ya pili yote. Sasa inasema: "Mtazamaji anayejua bei ya mafuta ya taa anajiuliza taa hii inawashwa ili nani aione."

Swali lake lilikuwa karibu na siri ya filamu kuliko lile nililomwandikia mimi, na alikuwa amelipata sekunde ya kumi na tano.